Mwewe Mweupe Si Mwizi wa Vifaranga



Katika ukaguzi wa chama kimoja cha msingi nilikuta ndege ametundikwa mlangoni pa ghala, ameuawa kwa manati. Nilielezwa kuwa ndiye aliyekuwa akimaliza vifaranga. Nilipomtazama vizuri niliona kwamba amehukumiwa kwa kosa la mwingine.

Mwewe anayenyakua vifaranga ni yule mkubwa wa rangi ya hudhurungi, mwenye mdomo wa manjano na mkia wenye panda. Aliyeuawa ni mdogo, urefu wake sentimita 35 hivi. Kifua chake ni cheupe, mgongo wa kijivu, mabega meusi na macho mekundu. Aghalabu hutua juu ya nguzo ya simu au mti mkavu, ama husimama hewani mahali pamoja huku akipiga mabawa na kutazama chini. Anachotafuta ni panya. Hao ndio sehemu kubwa sana ya chakula chake, ingawa hula pia panzi, mijusi na ndege wadogo.

Ndege huyu huhama kufuata panya. Wanapoongezeka mahali, naye hufika, na chakula kikitosha huweza kutaga wakati wowote wa mwaka. Jike hutaga mayai 3 au 4 katika kiota cha vijiti juu ya mti na kuyaatamia kwa muda wa mwezi mmoja hivi, huku dume akimletea panya. Makinda nayo hulishwa kiotani kwa mwezi mwingine.

Hata hivyo, tusimtwike kazi asiyoiweza. Panya shamba huchukua mimba siku 23 tu, na huweza kuzaa watoto zaidi ya 10 kwa mara moja. Tena mwewe haingii ghalani. Kusafisha ghala na kufyeka majani kandokando yake ni wajibu wetu.

Liko jambo moja zaidi la kuangalia. Baadhi ya sumu za panya huua polepole. Panya aliyekula sumu huzubaa nje, mwewe akamkamata kwa urahisi, naye akadhurika.

Kwa hiyo Makatibu wanaombwa kuliweka suala hili katika ajenda ya mkutano mkuu ujao, ili wanachama wakubaliane mambo matatu: kuzika panya waliokufa kwa sumu, kuacha miti michache mashambani, na kuwakanya vijana wenye manati.