Mabuyu: Hatari si tunda, ni sukari

Kuanzia Marafa hadi Malindi mjini, na kutoka Mombasa hadi Nairobi, mabuyu ni utamu wa watoto wengi. Huuzwa vioskini na karibu na shule, mekundu, yenye kuacha rangi kwenye ulimi na vidole. Wazazi wengi huuliza: je, yana madhara?

Ili kulijibu swali hilo, yafaa tutenganishe tunda lenyewe na vile vinavyoongezwa jikoni.

Tunda la mbuyu, mti unaostahimili ukame wa bara ya Kilifi, lina unga mweupe ulioshikamana na mbegu. Unga huo, yaani ubuyu, una vitamini C kwa wingi, madini ya kalsiamu na nyuzinyuzi zinazosaidia kupata choo bila taabu. Mwaka wa 2008 Muungano wa Ulaya uliidhinisha ubuyu uuzwe huko kama chakula.

Mambo hubadilika sufuriani. Mpishi huchemsha sukari kwa maji kidogo hadi iwe shira nzito, akatia rangi, iliki na pengine pilipili, kisha akakoroga mbegu humo mpaka zote zivikwe sukari. Moto hupunguza vitamini C, lakini sukari hubaki yote. Tena ukali wa ubuyu huuficha utamu, hivyo mtu humaliza pakiti bila kutambua amekula sukari kiasi gani. Mwaka wa 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kuwa ni bora mtu mzima asizidishe takriban gramu 25 za sukari kwa siku, yaani vijiko 6 vya chai. Mtoto anahitaji kidogo zaidi.

Kwa upande wa meno, tatizo kubwa ni muda. Viini vilivyomo kinywani hugeuza sukari kuwa asidi inayokula meno, na mate huchukua kama nusu saa au zaidi kuiondoa. Buyu halimezwi upesi, humumunywa. Mtoto anayemumunya moja baada ya jingine njia nzima hayapi mate nafasi hiyo. Kwa hiyo pakiti ndogo iliyoliwa mara moja baada ya chakula ina nafuu kuliko ile ile iliyogawanywa kutwa.

Si lazima kuyapiga marufuku. Zingatia haya:

• Mabuyu yawe ya siku moja moja, na mtoto asukutue kwa maji baada ya kula. Asipige mswaki papo hapo, kwani asidi huwa imelainisha meno. Angoje nusu saa.

• Asivunje mbegu kwa meno.

• Watoto wa chini ya miaka 5 wasipewe, kwa sababu mbegu inaweza kuziba koo. Mtoto aliyepaliwa asiyeweza kukohoa wala kulia ainamishwe mbele, apigwe mara 5 mgongoni kati ya mabega, na msaada wa hospitali utafutwe mara moja.

• Muulize muuzaji ametumia rangi gani. Rangi isiyokusudiwa chakula haifai kuliwa hata kidogo.

• Mwenye kisukari asiyahesabu mabuyu kuwa matunda.

Anayependa ladha hiyo aloweke ubuyu mtupu katika maji safi, auchuje na kunywa bila sukari au kwa sukari kidogo. Hapo ndipo faida ya mbuyu ilipo.