Sheria na Mwananchi (4): Wakili Willie Kimani na sheria iliyofungiwa kabatini

Wiki hii nilikuwa nimeahidi kueleza habari za hatimiliki za mashamba. Kifo cha mwalimu Albert Ojwang mikononi mwa polisi jijini Nairobi, Juni 2025, kimenibadilishia mada. Polisi walidai alijigonga kichwa ukutani. Wataalamu waliopasua maiti wakakuta majeraha yanayokana maelezo hayo. Nikamkumbuka mwenzetu katika taaluma ya sheria, marehemu Willie Kimani.

Waliosoma sehemu ya pili wanaijua kesi yake. Akifanya kazi na shirika la International Justice Mission, alimtetea Josephat Mwenda, mwanabodaboda aliyepigwa risasi na afisa wa polisi mwaka 2015, kisha akageuziwa mashtaka. Juni 23, 2016 walitoka mahakama ya Mavoko pamoja na dereva wa teksi, Joseph Muiruri, wakatekwa nyara. Maiti zao zilikuja kuopolewa mtoni huko Ol Donyo Sabuk. Kabla ya hapo, akiwa bado kizuizini katika kambi ya polisi wa utawala, Syokimau, Kimani aliandika kwenye karatasi ya chooni kwamba wako hatarini, akaomba mkewe apigiwe simu, akaitupa nje. Mpita njia aliiokota.

Sisi wa Ainabkoi, Uasin Gishu, tunahusika na kisa hiki kuliko tunavyodhani. Mwenda alikuwa amepeleka malalamiko yake kwa IPOA, mamlaka huru ya kuwasimamia polisi, na mamlaka hiyo chimbuko lake ni maafa yetu. Burnt Forest, hapa kwetu, ilichomwa mwaka 1992, ikachomwa tena baada ya uchaguzi wa 2007. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi huo, ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini, 405 kati yao kwa risasi, ikapendekeza polisi wawe na msimamizi asiyevaa sare. Sheria ya IPOA ikapitishwa 2011. Anayenunua viazi kando ya barabara pale Burnt Forest akumbuke kwamba sheria hiyo ililipiwa kwa damu ya watu wa hapo.

Hata hivyo, IPOA ni nusu ya dawa. Nusu ya pili ni mchunguzi wa vifo, na ina historia ninayoipenda mno. Mwaka 1194, enzi za Mfalme Richard wa Kwanza, Waingereza waliunda cheo cha mchunguzi wa vifo. Nia haikuwa njema: mfalme alitaka faini na mali zilizotokana na vifo vya ghafla. Lakini katika tamaa ile ukazaliwa msingi mwema, kwamba kifo chenye utata kina afisa wake maalum wa kukiulizia. Hapa kwetu walituachia utaratibu ambao polisi ndio hukusanya maelezo kwanza, hakimu akaja baadaye. Mtuhumiwa akiwa polisi, huko ni kumpelekea nyani kesi ya ngedere. Askofu Alexander Muge wa Eldoret alipofariki barabarani karibu na Kipkaren, Agosti 14, 1990, siku chache tu baada ya waziri kumtisha kwamba akienda Busia hatarudi hai, tuliambiwa ni ajali. Wazee wengi wa huku hawajaridhika hadi leo.

Bunge lilipitisha sheria ya huduma ya taifa ya wachunguzi wa vifo mwaka 2017, mwaka mmoja baada ya Kimani kuuawa. Hadi Ojwang anafariki, huduma hiyo ilikuwa bado haijaanza kazi.

Mtaniambia kesi ya Kimani ilishinda bila mchunguzi huyo. Ni kweli: Julai 2022 Jaji Jessie Lesiit aliwatia hatiani watu wanne, watatu wao polisi, na Februari 2023 mmoja wa polisi hao, Fredrick Leliman, akahukumiwa kifo. Lakini Kimani alikuwa wakili, na mawakili nchi nzima waligoma na kuandamana kwa ajili yake. Mwanabodaboda atakayefia seli ya mashambani bila wakili wala kamera, nani atagoma?

Wabunge wetu wa Uasin Gishu hawakosi harusi wala harambee. Waombwe jambo moja: wamuulize waziri bungeni ni lini sheria ya 2017 itapewa ofisi, bajeti na watu. Nanyi mnaowapigia kura, waulizeni kabla ya 2027.

Hatimiliki, wiki ijayo.