Kuripoti Vifo vya Kujiua: Redio ya Jamii na Msikilizaji Wake

Taarifa ya kifo cha kujiua huwafikia wanahabari kutoka polisi, ikiwa tayari na njia iliyotumika, mahali na chanzo. Ikinakiliwa ilivyo, kichwa cha habari huishia na "kisa mapenzi" au "kisa deni". Hilo ni kosa zito. Mtu hafiki hapo kwa jambo moja; sonona, pombe, maradhi ya muda mrefu, madeni na ugomvi hulundikana. Msikilizaji mwenye deni akiambiwa deni ndilo lililoua, ameonyeshwa mlango mmoja tu. Kutaja njia nako hakuna faida yoyote kwa msikilizaji wa kawaida, ila kwa aliyekata tamaa ni hatari.

Ushahidi upo. Jijini Vienna, Austria, magazeti yalikuwa yakisimulia kwa kina vifo vya kujiua kwenye treni za chini ya ardhi. Mwaka 1987 waandishi walipewa mwongozo, wakaacha masimulizi hayo. Katika nusu ya pili ya mwaka huo matukio yalipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kwa wanahabari mwaka 2000 na kuuhuisha mara kadhaa, mara ya karibuni 2023.

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, Tanzania, ambako redio ya jamii kama FADECO husikilizwa na majirani wanaojuana, kuficha jina hakutoshi. Mtangazaji akisema "mwalimu wa kijiji fulani, baba wa watoto watatu", msikilizaji wa kata ya Ndama ameshajua ni nyumba ya nani, na watoto hao kesho wanakwenda shule. Kazi, kitongoji na barua ya marehemu viachwe pia.

Sheria huongeza ugumu. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania bado kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, hivyo familia huogopa kusema na aliyenusurika huogopa kutibiwa. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinakiuka Katiba.

Kunyamaza kabisa si dawa. Simulizi za watu waliowahi kufikiria kujiua, wakazungumza na mtu na kuvuka, huwasaidia wasikilizaji walio katika hali hiyo. Kila taarifa itaje pa kukimbilia: ndugu au kiongozi wa dini anayeaminika, zahanati ya karibu, au hospitali kama ile ya Nyakahanga wilayani Karagwe. Itajwe pia kwamba aliye hatarini asiachwe peke yake mpaka afikishwe huko.