Kamera ya mkanda inapogoma kubadili kasi

UPEPO wa Singida, mkoa wa nusu ukame uliopo katikati ya nchi, hubeba vumbi jembamba linalopenya hata ndani ya mkoba wa kamera. Kwa wenye kamera za mkanda, mfano Pentax K1000 iliyoanza kuundwa mwaka 1976, vumbi hilo huweza kukwamisha kitufe cha juu cha kuchagulia kasi ya pazia, kinachoanzia sekunde 1 hadi 1/1000.

Kikikwama, kisilazimishwe kwa koleo. Vuta kwanza mkono wa kusogezea mkanda hadi mwisho. Kamera za Kisovieti za aina ya Zorki huharibika kasi ikibadilishwa kabla ya hapo. Kisha inamisha kamera, pitisha brashi laini na kavu kuzunguka kitufe, ukizungushe taratibu namba hadi namba. Mafuta ya cherehani yasitiwe kabisa. Hunasa vumbi jipya, na yakifika kwenye pazia hulinatisha.

Kitufe kuzunguka bado si ushahidi kwamba kamera imepona. Ikiwa haina mkanda, fungua mgongo wake, ielekeze dirishani na ufyatue kwa 1/1000, kisha 1/60, kisha sekunde 1. Mwanga unaopita usipoongezeka, hiyo ni kazi ya fundi. Naye aweke alama kabla ya kung'oa kitufe, maana kikirudishwa kando kwa hatua moja, kitaonyesha 60 wakati pazia linakwenda kwa 125. Mwanga utaingia nusu, na picha zote 36 za harusi zitatoka na giza.