Mwandishi wa Programu na Saa Zake Tatu

Katika mji wa Tanga kazi nyingi huonekana kwa macho. Mvuvi hurudi na samaki wake, seremala huacha mbao zilizorandwa, na mkata mkonge huhesabiwa mafungu yake kabla ya kwenda nyumbani. Lakini siku hizi yuko pia mfanyakazi ambaye mazao yake hayaonekani. Huketi chumbani mwake Chumbageni au Raskazone mbele ya kompyuta, akitazama kioo kwa muda mrefu bila ya kugusa kitu. Shangazi apitaye humwambia, "Mwanangu, nawe upo tu, hebu nikimbilie sokoni mara moja." Huyo ndiye mwandishi wa programu. Makala haya yanakusudia kueleza kazi yake ni nini, na kwa nini kazi hiyo huingiana kwa urahisi na saa za familia, za marafiki na za usingizi.

Kazi yenyewe

Kompyuta ni mashine yenye mbio kubwa lakini haina busara. Hufanya lile tu ililoagizwa, na hulifanya hata kama ni kosa. Programu ni mfululizo wa maagizo hayo, yaliyoandikwa kwa lugha maalumu na kwa utaratibu usiokubali pengo. Sehemu kubwa ya kazi, basi, si kupiga chapa bali ni kufikiri: kubashiri kila jambo linaloweza kutokea, na kutafuta kosa pale matokeo yanapokataa kulingana na matarajio.

Zamani kazi hii ilikuwa na mipaka ya ukuta. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mashine za wakati ule zilikuwa kubwa na chache, na zuio la kuingiza kompyuta nchini lililowekwa mwaka 1974 liliendeleza uchache huo kwa miaka kadhaa. Aliyezitumia alizifuata zilipo, na alipofunga mlango wa ofisi jioni kazi ilibaki ndani. Mambo yalibadilika mashine zilipokuwa ndogo, na hasa nyaya za mawasiliano zipitazo chini ya bahari zilipofika Dar es Salaam: ule wa SEACOM mwaka 2009 na ule wa EASSy mwaka 2010. Kabla ya hapo mawasiliano mengi ya ng'ambo yalipitia satelaiti zilizo umbali wa kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, kwa gharama kubwa na kwa uzito. Leo mtu akaaye Tanga aweza kufanya kazi na wenzake wa Nairobi, London au San Francisco. Kazi imemfuata nyumbani, na imekuja na saa zake.

Saa tatu katika nyumba moja

Ndugu msomaji, katika nyumba ya mwandishi wa programu zimo saa tatu zisizolingana.

Ya kwanza ni saa ya mashine. Kompyuta nyingi huhesabu sekunde zilizopita tangu usiku wa manane wa kuamkia tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za dunia. Hapa kwetu, tulio mbele kwa saa 3, ilikuwa saa 9 za usiku. Saa hiyo haijui mchana wala usiku, Ijumaa wala sikukuu. Kwayo sekunde zote ni sawa.

Ya pili ni saa ya wenzake walio mbali. Uingereza husogeza saa zake mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwa kuwa mchana wa London hufikia zaidi ya saa 16 mwezi Juni na kupungua chini ya saa 8 mwezi Desemba. Sisi hatuna haja hiyo. Tanga iko karibu digrii 5 kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya mchana wake mrefu kuliko yote na ule mfupi kuliko yote ni kama nusu saa na ushei. Kwa hiyo mkutano uliowekwa kuanza wafanyakazi wa London wanapofungua ofisi humfikia mtu wa Tanga saa 5 asubuhi katika Julai, na saa 6 mchana katika Januari, ingawa yeye hakubadili lolote.

Ya tatu ni saa ya pwani, ile ihesabiwayo tangu macheo na machweo. Kwa saa hiyo mtoto huenda shule, mama huinjika chungu, msikiti huadhini, na wazee hukutana barazani.

Zikichanganywa saa hizi, kosa huzaliwa. Tuchukue mfano wa programu inayowakumbusha akina mama siku ya kliniki. Muuguzi asema ujumbe upelekwe saa 3, naye amekusudia asubuhi. Mwandishi asiye makini akiingiza tarakimu 3 katika mashine ihesabuyo tangu usiku wa manane, simu italia saa 9 za usiku na kuamsha nyumba nzima. Mashine haikukosea. Ilitii.

Saa zinapogombana

Kosa kama hilo hurekebishwa kwa mstari mmoja. Gumu zaidi ni lile linalotokea katika maisha ya mwandishi mwenyewe. Saa 3 asubuhi ya San Francisco ni saa 2 usiku hapa Tanga, au saa 1 usiku katika miezi ambayo Wamarekani wamesogeza saa zao mbele. Ndicho kipindi baina ya Magharibi na Isha, na chakula cha usiku kifuatacho. Watoto wanataka kusomewa, rafiki yuko mlangoni, na wakati huohuo watu 6 wanamsubiri kwenye kioo. Akienda kwao, familia humkosa. Asipokwenda, kesho atakuta uamuzi umekatwa bila yeye.

Hata akiifunga kompyuta, fikra haifungiki mara moja. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alieleza kwamba mtu aachapo kazi isiyokamilika na kushika nyingine, sehemu ya umakini wake hubaki katika ile ya kwanza. Ndiyo sababu baba aweza kuketi mkekani na wanawe, mkono katika sinia moja nao, na bado asisikie wanachomwambia. Ndiyo sababu pia kumtuma sokoni "mara moja" humgharimu zaidi ya dakika za safari yenyewe: akirudi hana budi kuujenga tena mjengo wote wa fikra uliobomoka.

Jambo hili si la adabu ya nyumbani tu, bali ni la afya. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki huandamana na ongezeko la asilimia 35 la hatari ya kiharusi, na asilimia 17 la hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo utokanao na upungufu wa damu, yakilinganishwa na saa 35 hadi 40. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, pamoja na mapumziko ya saa 12 mfululizo kila siku na saa 24 kila wiki. Lakini sheria hiyo imemkusudia mwajiriwa. Afanyaye kazi ya mkataba kwa mtu wa ng'ambo aghalabu hana wa kumhesabia saa isipokuwa nafsi yake.

Dawa yatoka katika kazi yenyewe

Jawabu jema limo katika ufundi wenyewe. Mwaka 2005 Linus Torvalds alianzisha Git, programu inayotunza historia ya maandishi ya kazi. Kila mshiriki hupata nakala kamili, huandika kwa wakati wake, kisha huunganisha mabadiliko yake na ya wenzake. Si lazima wote wawe macho pamoja, wala mtandao uwepo kila dakika. Aliye katika basi kwenda Dar es Salaam, safari ya takriban kilomita 350 kupitia Segera na Chalinze, aweza kuandika njiani na kupeleka kazi akifika. Faida yake ilidhihirika tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini na mtandao wa Tanzania kuzorota vibaya. Waliokuwa na nakala zao waliendelea kuandika.

Utaratibu huo wafaa kuhamishiwa katika maisha. Yale yawezayo kuandikwa yaandikwe, ili mwenzako ayasome kwa saa yake nawe ulale kwa yako. Mikutano ya usiku iwe michache na ijulikane mapema. Kabla ya kufunga kazi, mwandishi aandike alipofikia na hatua ifuatayo, maana fikra iliyowekwa karatasini huacha kuzunguka kichwani. Nao walio nyumbani wafahamishwe ni saa zipi yumo kazini ijapokuwa yumo chumbani.

Saa ya mashine haitabadilika, na saa ya ng'ambo haiko mikononi mwetu. Saa ya pwani peke yake ndiyo yenye wenyewe, na wasipoilinda wao, hakuna mkataba utakaowalindia.