Ndege za mfano: Rangi isiyofaa huyeyusha mtaji wa fundi

UBAO mwepesi ambao wachapaji wa mabango huutumia kubandikia picha na kutengenezea hundi kubwa za mfano kwenye hafla, unaweza kugeuzwa ndege ya kivita ya kuweka mezani na kumpatia fundi kipato. Mtaji wake si mkubwa, na vifaa vyake karibu vyote vinapatikana kwa mwendo wa miguu kati ya Posta na Kariakoo, jijini Dar es Salaam.

Hata hivyo, kazi hii ina mtego. Fundi anaweza kukata na kuunganisha kwa siku kadhaa bila kosa, kisha akapoteza yote ndani ya dakika chache kwa kupaka rangi isiyofaa.

Ubao wenyewe huitwa fomubodi. Tumbo lake ni povu gumu la plastiki, la jamii ile inayofungiwa televisheni mpya ndani ya boksi, na pande zote mbili umevikwa karatasi. Unene unaofaa kwa kazi hii ni milimita 5. Wanafunzi wa usanifu majengo huutumia kutengeneza nyumba za mfano kwa sababu hukatika kwa kisu cha kawaida na hauhitaji mashine.

Kwa nini ndege ya kivita

Watoto wa Tanzania wametengeneza magari na ndege za mabua, waya na makopo kwa miaka mingi, lakini vitu hivyo havikuwa vya kuuzwa. Anayenunua ndege ya mfano leo hununua pia historia yake, na hapo ndege ya kivita ina nguvu.

Jina la Kariakoo lenyewe limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza, Carrier Corps, cha wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Katika vita hiyo hiyo, Julai 11, 1915, ndege zilizoruka kutoka kisiwa cha Mafia zilielekeza mizinga ya meli mbili za Kiingereza hadi manowari ya Kijerumani Königsberg ikaangamizwa katika delta ya Rufiji. Mwaka 1978, ndege za MiG za Uganda ziliingia anga ya Kagera na kudondosha mabomu. Mwalimu wa historia mwenye ndege ya mfano mkononi ana cha kuwaonyesha wanafunzi wake.

Kwa anayeanza, ndege za mwaka 1915 ni ngumu kwa sababu zilikuwa na mabawa mawili mawili na waya nyingi. MiG-21 ni rahisi zaidi. Ndege hiyo ya Urusi ya zamani ilitengenezwa kwa zaidi ya 10,000, hivyo picha zake ni nyingi. Mwili wake ni kama bomba na mabawa yake ni pembetatu.

Ndege halisi ina upana wa takriban mita 7.15 kutoka ncha ya bawa moja hadi nyingine, na urefu wa karibu mita 15. Ukigawa kwa 20, unapata ndege ya mfano yenye upana wa sentimita 36 na urefu wa sentimita 75. Kipimo hicho kinaenea kwenye meza ya ofisi, na bodi mbili za sentimita 60 kwa 84 zinatosha.

Kukata na kuunda

Kazi huanza kwenye karatasi. Michoro yote ikatwe kwanza kwenye karatasi ya manila, ili ndege ya pili na ya tatu zisichorwe upya.

Kisu kiwe kikali na kipitishwe mara tatu: mara ya kwanza kwa karatasi ya juu, ya pili kwa povu, ya tatu kwa karatasi ya chini. Anayetaka kukata kwa mkupuo mmoja huchana povu, na kingo zake hutoka na meno. Wembe butu hufanya hivyo hivyo, kwa hiyo kubana matumizi kwenye wembe ni kuharibu bodi iliyo ghali zaidi.

Mwili huundwa kwa kubandua karatasi ya upande mmoja, kuchora mistari ya kina kidogo kwenye povu kila baada ya sentimita moja, kisha kuviringisha bodi juu ya bomba. Ndani yake hupangwa visahani vya mviringo vya kuzuia bomba lisibonyee.

Kila bawa hutumia vipande viwili vilivyogandishwa pamoja, na katikati yake hulazwa vijiti vya mishikaki ili lisilegee. Kioo cha rubani hukatwa kwenye chupa ya maji. Miguu ya magurudumu na ule mkuki wa mbele hutokana na spoku za baiskeli. Pua huchongwa kwa msasa laini.

Gundi ni mtihani wa kwanza. Gundi ya mafundi viatu hula povu na kuacha shimo. Inayofaa ni gundi nyeupe ya mbao, ile inayochanganyika na maji. Inachelewa kukauka, hivyo vipande vishikwe kwa pini hadi kesho yake.

Rangi ndiyo roho ya kazi

Historia ya sanaa ya Dar es Salaam ina somo hapa. Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968 kuchora kwenye mbao za bei nafuu za ujenzi kwa rangi ya mafuta iliyotumika kupaka baiskeli. Vifaa hivyo vya kawaida vilizaa sanaa inayonunuliwa na watalii hadi leo.

Lakini kilichofaa kwenye ubao wa Tingatinga ni hatari kwenye fomubodi. Rangi za mafuta, rangi za kupuliza za makopo na tina zina viyeyushi vinavyolainisha na kuyeyusha povu. Karatasi ya juu hulikinga kwa muda, ila kingo zilizokatwa na sehemu zilizobanduliwa karatasi hazina kinga yoyote. Bawa huanza kubonyea ukingoni na halirekebishiki.

Kinga ni kuziba povu lote kabla ya rangi. Gundi ya mbao huzimuliwa kwa maji kidogo, hupakwa kwa brashi mara mbili, na kila mkono huachwa ukauke. Kisha hufuata mkono wa rangi nyeupe ya maji ya kupakia kuta, halafu msasa laini. Rangi ya ndege yenyewe nayo iwe ya maji.

Maji nayo yana shida yake, kwani karatasi hunyonya na bodi hupinda. Dawa ni kupaka mikono myembamba, na kupaka pande zote mbili za bawa siku hiyo hiyo ili zivutane sawasawa. Ndege ikaushwe kivulini. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, hewa ya Dar es Salaam ina unyevu mwingi, hivyo fundi asiahidi kumaliza kwa haraka kama wakati wa kiangazi.

Rangi ya kwanza huwa ya kijivu, kisha mabaka ya kijani na kahawia kwa anayetaka sura ya vitani. Alama na namba hupigwa kwa kutoboa karatasi ya manila na kugongagonga rangi kwa sifongo. Unga wa mkaa ukisuguliwa nyuma kwenye bomba la moshi, ndege hupata sura ya kitu kilichofanya kazi. Vanishi ya mwisho nayo iwe ya maji, na kila kopo jipya lijaribiwe kwanza kwenye kipande kilichobaki.

Hesabu ya bei

Wengi hupotea hapa. Tuchukulie, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba vifaa vimegharimu Sh15,000 na kazi imechukua saa 14. Fundi akiuza kwa Sh25,000 atadhani amepata faida ya Sh10,000. Ukweli ni kwamba amejilipa takriban Sh714 kwa saa, kabla ya nauli.

Akiamua kwamba saa yake moja ni Sh2,000, ujira ni Sh28,000 na jumla ni Sh43,000. Akiongeza asilimia 10 kwa nauli na uharibifu, bei isishuke chini ya Sh47,300. Kila fundi aweke tarakimu zake mwenyewe, lakini asiache kuhesabu muda.

Kwa bei kama hiyo, hawezi kushindana na ndege za plastiki zinazoingizwa kutoka China na kumwagwa katika maduka ya jumla ya Kariakoo. Wala asijaribu. Auze kile ambacho plastiki haina: ukubwa anaoutaka mteja, namba anayoichagua na maelezo ya historia yaliyobandikwa kwenye kitako. Wateja wa namna hiyo ni shule, ofisi, wapambaji wa sherehe na wageni wa Maonesho ya Sabasaba. Achukue malipo ya awali yanayotosha vifaa, na atengeneze kwa oda.

Mabaki ya fomubodi yasichomwe moto kwa sababu moshi wake una sumu. Anayefikiria kuweka injini na kuirusha ndege ajue kwamba vyombo vya angani visivyo na rubani vinasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), na aulize kibali kabla ya kununua injini. Anayetaka kuifanya kazi hii biashara rasmi anaweza kusajili jina lake Brela na kutafuta ushauri wa SIDO, shirika linalohudumia viwanda vidogo tangu mwaka 1973.

Kwa anayeanza, ndege ya kwanza isiuzwe. Ibaki nyumbani kama sampuli, na mabaka yake mabaya yamwonyeshe fundi ni wapi alipopaka rangi kabla ya kuziba povu.