Siri ya Nyumba Ndani ya Simu

Ilikuwa mwezi wa Februari, kipindi ambacho sisi tunaoishi Masasi na Newala tunakijua vizuri. Fedha za korosho zimekwisha, mahindi yangali shambani, na watoto wanadai madaftari. Mama mmoja alikuja kliniki kupima presha. Ilikuwa juu sana. Tulipomwuliza kama anameza dawa zake, alianza kulia, akatuonyesha simu.

Alikuwa amekopa shilingi 50,000 kwa njia ya simu bila mume wake kujua. Fedha alizopokea zilikuwa pungufu, maana makato yalitangulia. Akatakiwa kurudisha zote pamoja na riba baada ya siku saba. Siku ya nane ujumbe ulianza kutumwa: kwa wifi yake, kwa mwalimu wa mtoto, kwa mweka hazina wa kikoba chake, hata kwa mama mkwe kule Newala. Wote waliambiwa kwamba yeye ni tapeli. Mume alizipata habari hizo kwa dada yake, si kwa mke wake.

Mpendwa msomaji, je, wakopeshaji hao waliipata wapi namba ya mama mkwe?

Mlango tunaoufungua wenyewe

Programu nyingi za mikopo, zikiingizwa tu kwenye simu, huomba ruhusa ya kusoma majina na namba zote tulizohifadhi, na wakati mwingine picha pia. Mtu mwenye shida hasomi. Anabonyeza "ruhusu" ili apate fedha haraka. Kwa mbonyezo huo mmoja, ndugu, majirani na viongozi wake wote wanakuwa mikononi mwa mtu asiyemjua. Hata akiifuta programu baadaye, majina yaliyokwisha kuchukuliwa hayarudi.

Huku kwetu tunaijua kangomba. Mkulima aliyebanwa na njaa huuza korosho zake mapema kwa kipimo cha bakuli na kwa bei ya kutupa, na msimu ukifika anabaki kutazama mavuno ya mwenzake. Serikali imeipiga vita kwa miaka mingi. Mkopo wa namna hii ni kangomba ya simu, ila huyu wa simu anaondoka na heshima ya ukoo pia.

Sheria inasemaje?

Wengi wetu hatujui kwamba sheria ipo. Mwaka 2022 Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, nayo ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tume ya kuisimamia ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Sheria hii inasema kwamba anayekusanya habari za mtu lazima awe na sababu halali, amweleze mwenyewe sababu hiyo, asichukue zaidi ya zinazohitajika, wala asizitumie kwa jambo jingine. Mwenye habari ana haki ya kuuliza ni nini kinachowekwa juu yake, kutaka makosa yasahihishwe, na kupeleka malalamiko kwenye Tume. Habari za afya, za watoto na za miamala ya fedha zimewekwa katika fungu la habari nyeti, zinazolindwa zaidi.

Benki Kuu ya Tanzania nayo ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa mtandaoni mwaka 2024. Novemba mwaka huohuo ilitangaza majina ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Kwa hiyo mama aliyedhalilishwa hana sababu ya kujificha kana kwamba yeye ndiye mhalifu. Hata hivyo tusidanganyane: sheria haifuti deni. Inakataza kumvua mtu nguo hadharani kwa sababu ya deni.

Na sisi tujitazame

Sisi wauguzi tulifundishwa tangu chuoni kwamba siri ya mgonjwa haitoki nje. Makungwi nao walitufundisha hivyohivyo kuhusu mambo ya nyumba. Lakini ni mara ngapi tumetuma kwenye kundi la simu la akina mama wa kanisani jina la mgonjwa wa kuombewa, pamoja na ugonjwa wake? Tuliwahi kufanya hivyo, tukidhani ni upendo. Mgonjwa yule aliumia, nasi tulilazimika kwenda kwake kumwomba radhi. Siku hizi tunauliza kwanza.

Tufanye nini?

1. Kabla ya kukopa, tuulize Benki Kuu kama mkopeshaji ana leseni. Tuulize pia ni kiasi gani kitafika mkononi na kiasi gani kitarudi.

2. Programu ya mkopo ikiomba majina ya watu au picha, tukatae. Kama tulikwisha kukubali, tuingie kwenye mipangilio ya simu tuiondoe ruhusa hiyo. Kijana wa nyumbani anaweza kutusaidia.

3. Tubonyeze *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chetu. Laini husajiliwa kwa alama ya kidole, basi tusimwekee wakala kidole mara ya pili bila maelezo. Ujumbe wa kitapeli uripotiwe kwa namba 15040.

4. Ujumbe wa matusi usifutwe. Ni ushahidi wa kupeleka Tume au polisi.

5. Zaidi ya yote, tuzungumze na waume zetu mapema, na tuimarishe vikoba vyetu kabla ya miezi ya njaa.

Yule mama alirudi kliniki baada ya wiki tatu, safari hii akiwa na mumewe. Walikuwa wameuza mbuzi, wakalipa deni. Mume alituambia kwamba shilingi 50,000 hazikumuuma. Kilichomuuma ni kuambiwa na dada yake kilicho ndani ya nyumba yake. Mke akajibu kwa sauti ndogo kwamba aliogopa kumwambia. Tukawaacha waongee, ndipo tukampima. Presha ilikuwa imeshuka.